Gari Lililowaka kwa Kila Ufunguo

Gari la Mwalimu wa Kwaya mimi nililiwasha kwa ufunguo wa kufuli ya duka langu. Sikuiba. Hapa Mukuyuni kila mtu alikuwa na wake. Mwenye bucha aliliwasha kwa ufunguo wa bucha, mzee wa kanisa kwa ufunguo wa sanduku la sadaka, na mkunga wetu, haki ya Mungu, aliliwasha kwa mpini wa kijiko. Swichi ilikuwa imelika ndani mpaka ikaacha kuchagua. Ukichomeka kitu chochote chembamba, ukakizungusha huku unasukuma usukani kidogo upande wa kushoto, pickup inakohoa, inawaka, unaenda zako.

Ufunguo pekee uliokataa ulikuwa ule wa gari lenyewe. Mwalimu alikuwa nao kwenye mfuko wa koti, unang'aa, hauna kazi. Yeye aliliwasha kwa ufunguo wa kabati la vyombo la mkewe, mpaka ule ufunguo ukapinda, kabati likakataa kufunguka, na sukari ikabaki ndani. Walikunywa chai bila sukari muda mrefu, na gari linawaka.

Hilo koti alilivaa hata mwezi wa kumi, jua likiwaka mpaka mbuzi wanajificha. Alikuwa mrefu, mwembamba, shingo imesonga mbele kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, kisha akabaki na kwaya ya kanisa, na kwenye kwaya, jamani, alikuwa simba. Mimi niliimba sauti ya pili chini yake miaka mingi na bado nikimuona naficha gamu mdomoni. Mama mmoja alifukuzwa mazoezini kwa kupumua katikati ya neno "Yerusalemu". Alirudi wiki iliyofuata, akapumua pale pale, akafukuzwa tena.

Kwenye mazishi ya rafiki yake wa karibu, jeneza likiwa limeshaning'inia kwa kamba, alinyoosha mkono akatusimamisha. "Nyinyi wa sauti ya pili," akasema, "mnazika mtu ama mnatafuta mbuzi aliyepotea?" Wanaume wakabaki wameshika kamba, mishipa imewatoka, sisi tukaanza upya kutoka ubeti wa kwanza. Mjane akacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba uanze. Baadaye akamshukuru, na Mwalimu hakuelewa anashukuriwa nini. Akamwambia tu kwamba ubeti wa tatu bado ulikuwa mbaya.

Sasa mtu huyohuyo, umuombe gari. Huwezi kumaliza sentensi. "Mwalimu, nilikuwa naomba..." "Chukua." Hakuuliza unaenda wapi wala unarudi lini. Siku moja jirani alikuja kumuuliza kama amemuona punda wake. "Mwalimu, nilikuwa nauliza..." "Chukua." Jirani alisimama pale akifikiria, kisha akachukua. Alimtafuta punda kwa gari, na punda alikuwa nyuma ya choo cha Mwalimu wakati wote.

Nilimuuliza kwa nini hawezi kukataa. Alisema gari likisimama sana matairi yanaharibika. Hiyo ilikuwa sababu yake, na aliitoa kwa sauti ya mtu aliyeisoma mahali. Kumbe hilo gari lilikuwa halijasimama tangu alinunue. Lilibeba mchanga, maji, maharusi, mbuzi, mahindi ya kila mtu, na jeneza nililolitaja. Yeye alikuwa anatembea kwa miguu. Ungemkuta barabarani kwenye jua, koti mwilini, kitabu cha nyimbo kwapani, na gari lake linampita kwa vumbi. Dereva anapiga honi. Mwalimu anapunga mkono, amefurahi.

Mara moja alipewa lifti. Mbele palikuwa pamejaa, kwa hivyo alipanda nyuma na mbuzi. Aliposhuka alizunguka mpaka dirishani akamwambia dereva, "Muvea muno, asante sana, Mungu akubariki." Alimaanisha. Nilikuwa mimi niliyekaa mbele, na sikuona ajabu. Ndivyo tulivyokuwa tumezoea.

Aliyeona ajabu ni mkewe.

Huyo mama alizaliwa Migwani, akaolewa huku kwetu. Alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya nyuzi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kinachokutana uani kwake kila Alhamisi, na si mtu wa maneno mengi. Miaka yote alitazama gari likitoka na kurudi bila kusema. Kisha mama yake mzazi akalazwa hospitali Kitui. Siku ya kutoka, mkewe Mwalimu aliamka akaoga, akavaa, akachukua leso ya kumfunika mama na chupa ya uji, akatoka nje. Gari halikuwepo. Mwalimu alizunguka kijiji kizima akiuliza gari lake, na kila aliyemuuliza alidhani anaomba lifti. Lilikuwa Kathonzweni na madume ya mbuzi ya mtu ambaye Mwalimu hata hakukumbuka kumwambia chukua.

Yule bibi kizee alikaa kwenye benchi la getini, beseni lake mapajani, mpaka jioni. Askari wa geti ndiye aliyempa chai.

Mkewe hakupiga kelele. Kesho yake alienda Migwani kumuuguza mama yake, na akabaki huko. Mama alipona, akaanza hata kulima, na binti akaendelea kukaa huko. Mwalimu alipompigia simu, alimwambia, "Nitarudi siku gari yako itawaka na ufunguo mmoja." Nami nilisikia kwa masikio yangu, maana simu ya Mwalimu ilikuwa imeharibika na haikuweza kuongea ila kwa spika.

Wiki hizo alikonda. Alisahau kutufukuza. Tuliimba vibaya makusudi, tukapumua popote tulipotaka, akatutazama tu na kusema, "Sawa, tuendelee." Hapo ndipo nilijua mambo yameharibika, kwa sababu mimi mwenyewe nilisikia tulivyokuwa tunaimba na ilikuwa aibu.

Basi akaamua kubadilisha swichi. Ungedhani ni jambo dogo. Alianza kwa mafundi wa hapa sokoni, wakakataa. Fundi mkubwa aliingia kwenye gari, akaliwasha kwa bisibisi yake, akalizima, akaliwasha tena. "Mwalimu, hii swichi haijaharibika. Hakuna gari hapa Mukuyuni inawaka kama hii." Mwalimu akamwambia ndiyo shida yenyewe. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma. Yeye mwenyewe alikuwa anachukua spea Machakos kwa gari hilohilo.

Kisha habari zikaenea. Jumapili, baada ya ibada, wazee walimwita kando. Walizungumza kuhusu umoja na kuhusu watu wa kanisa la kwanza waliokuwa na vitu vyote shirika. Wakafunga kwa maombi, na mzee wa sanduku la sadaka akamwomba Bwana amlainishe mtumishi wake asije akafungia baraka. Mwalimu akasema amina. Angesema nini? Lakini Jumatatu alienda Machakos kwa miguu yake na kwa basi, akarudi na swichi mpya kwenye karatasi ya kaki. Funguo zake mbili zilikuwa zimefungwa pamoja na kawaya. Aliniita nione. Alizishika kama mtu ameshika yai.

"Mama Kioko," akaniambia, "utanisaidia kushika tochi. Na usiniombe."

"Nikuombe nini?"

"Ufunguo."

Nilikuwa nimefikiria kumuomba, ndiyo. Sasa nikaona haya.

Tulifanya kazi hiyo uani kwake Alhamisi. Mwalimu alitoa kwanza waya wa betri, ule wa hasi, akaufunga kitambaa usiguse chuma. Akafungua skrubu za plastiki inayofunika usukani. Ndani palikuwa na vumbi, pini za nywele, nusu ya kijiko, na meno matatu ya kitana. Nikatambua kipande cha ufunguo wangu wa zamani, nikanyamaza. Swichi yenyewe ilikuwa imeshikwa na bolti mbili zisizo na kichwa. Zilitengenezwa hivyo ili mwizi asizifungue. Mwizi! Tulicheka mpaka tochi ikaniponyoka. Alichukua patasi na nyundo, akawa anazigonga ukingoni kidogo kidogo zizunguke, na hata hapo aligonga kwa mapigo ya wimbo. Bolti ya kwanza ilitoka kwenye kiitikio. Ya pili ilimaliza asubuhi yote.

Nyuma ya swichi kulikuwa na nyaya nne, na zote zilikuwa rangi ya udongo. Ukizichomoa hujui ipi ni ipi. Mwalimu akafikiria, akaingia ndani, akarudi na nyuzi za mkewe za kusukia vyondo, zile za rangi. Ule waya unaotoka betri akaufunga uzi mwekundu. Ule wa injini, buluu. Wa stata, kijani. Wa redio na vitu vingine, njano. Alisimama akaziangalia, na nikaona macho yamemlowa, maana hizo nyuzi zilikuwa zimelala kwenye kikapu vilevile alivyoziacha mkewe.

Sasa, ilikuwa Alhamisi, nimeshasema. Akina mama wa vyondo waliendelea kuja hata mwenyekiti wao akiwa Migwani, kwa sababu kivuli ni kile kile. Walikaa upande wa pili wa gari wakisuka na kutoa mashauri. Mchana Mwalimu akatangaza tule kwanza. Tukala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, tukaomba, na kuomba kwetu si kufupi. Mama mmoja, ambaye simtaji kwa sababu bado nanunua mayai kwake, alimaliza mapema akarudi kwenye chondo chake. Alikuwa amebakiza mstari mmoja wa buluu. Akatazama kushoto na kulia. Akaona uzi wa buluu unaning'inia tu kwenye gari, na wa kijani kando yake, na akadhani ni masalio. Akafungua vizuri, hakukata, alikuwa mtu msafi. Aliporidhika na buluu akaona chondo kitapendeza zaidi kikimalizwa na zote.

Mwalimu alirudi akitafuna, akakuta nyaya nne za udongo.

Aliangalia nyaya. Akaangalia kile chondo. Kilikuwa kizuri, sitadanganya. "Mama," akasema taratibu, "hiyo nyekundu ilikuwa waya gani?"

"Ilikuwa juu."

"Juu ya nini?"

"Juu ya hizo zingine, Mwalimu. Sasa mimi nitajuaje, si ilikuwa imefungwa tu hapo?"

Pakazuka ubishi. Kila mama alikumbuka yake, na kila mmoja aliapa. Mwalimu, badala ya kuwafukuza, aliwasikiliza wote kwa heshima, na akafunga nyaya kufuatana na wengi walivyosema. Nilimwambia, "Mwalimu, unapiga kura ya waya?" Akanijibu kwamba hajui kumkatalia mtu anayetaka kusaidia. Nilitaka kumpiga na tochi.

Akarudisha betri. Akachomeka ufunguo mpya, akazungusha. Likawaka! Akina mama wakapiga vigelegele, chondo kikarushwa juu. Mwalimu akachomoa ufunguo, na injini ikaendelea kunguruma. Akautazama ufunguo mkononi. Akaurudisha, akajaribu kuzima, akachomoa, injini bado inanguruma, na mara hii redio ikafunguka yenyewe, mahubiri kwa sauti ya juu, na wipa zikaanza kufagia kioo kikavu.

Wakati huohuo simu ya Mwalimu ikalia. Mkewe alikuwa akikipigia kikundi kila Alhamisi.

"Hiyo kelele ni ya nini?"

"Ni gari," Mwalimu akapaza sauti. "Linawaka! Na ufunguo mmoja!"

Mkewe akasema, "Haya, lizime nisikie."

Mwalimu akatutazama. Mhubiri wa redio alikuwa amefika kwenye ziwa la moto. "Linazimika," akasema.

"Si ulizime basi."

"Niko njiani kulizima."

Akatuambia tusogee, akaingia, akakanyaga breki, akatia gia ya nne na kuachia klachi ili injini ijikabe. Pickup ikaruka kama imeumwa na nyuki, ikafa ndani ya banda la kuku. Kuku wakatoka kila upande. Katika ule ukimya mkewe akauliza kwa simu, "Mwalimu, unacheka ama unalia?" Alikuwa anafanya yote mawili. Nasi pia.

Kesho yake alimfungia kila mtu nje, hata mimi. Nilichungulia juu ya ua unaotutenganisha, nikamuona na balbu ndogo na vipande viwili vya waya, anagusa mmoja mmoja aone upi unawasha balbu peke yake, upi unaamsha stata, upi unaamsha redio. Hakupiga kura. Adhuhuri nililisikia likiwaka, likizima, likiwaka, likizima. Nikatoka na ufunguo wangu wa duka, akanifungulia lango, nikaupitisha dirishani nikauchomeka yeye akitazama. Haukuingia hata ncha. Nilihuzunika, nisiwe mwongo.

Mtu haendi peke yake kumchukua mke kwao, kwa hivyo tulienda Migwani watatu: yeye, mzee wa kanisa, na mimi. Njia nzima hakusema lolote ila kukosoa injini, kwamba inaimba chini ya noti. Mama mkwe alitoka kwanza, bakora mkononi, akalizunguka gari lote.

"Hili ndilo nililolingoja getini?"

"Ndilo, mama."

"Ni dogo," akasema, akaenda kukaa.

Tuliongea maneno yote ya adabu, mzee akanukuu, mimi nikaomba radhi kwa niaba ya kijiji. Mkewe alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono, Mwalimu akampa ufunguo. Akaenda akawasha, akazima, akachomoa. Akangoja. Kulikuwa kimya. Akarudi.

"Swichi mpya inakuja na funguo mbili," akasema. "Wa pili ni wa nani?"

Mzee wa kanisa akatazama viatu vyake. Nami nikamtazama mzee, nikawaza, ewe mtu wa Mungu, usiniambie.

"Nimeutupa chooni," Mwalimu akasema.

"Chooni?"

"Kwenye shimo. Kuna mtu alikuwa amekuja kuuomba. Najijua. Ufunguo ungebaki, ningempa."

Mama mkwe alianza kucheka kwenye kiti chake, bakora inatikisika. Mkewe hakucheka. Alisema, "Nakuja kuangalia. Sijasema narudi. Siku nitatoka nipate gari haiko, na hujui iko wapi, sitauliza mtu. Nitakuja kwa mama, na mara hiyo usinifuate." Akakaa mbele. Mzee wa kanisa na mimi tukapanda nyuma.

Tangu siku hiyo ufunguo ulikaa shingoni mwa mkewe kwa kamba. Watu walimwomba Mwalimu, Mwalimu akasema "muulize mama", na hakuna aliyethubutu. Kwaya ikaanza kufukuzwa tena. Mimi nilijisemea ameponyoka kirahisi, hajakataa mtu hata mmoja, amekatazwa tu.

Kisha msimu huu, wakati wa kuvuna ndengu, nilipata mnunuzi Kathonzweni. Zilikuwa zimeanikwa kwenye turubai uani, na mawingu yakaja mchana bila adabu. Nilimpigia mwenye boda, hashiki. Nikaruka ua. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya gari, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake yeye. Mkewe alikuwa ameenda mkutano wa vyondo Wote, na kwa mara ya kwanza alikuwa amemwachia.

Nilijua maana yake. Nilijua kabisa. Lakini ndengu ni ndengu.

"Mwalimu, nilikuwa naomba..."

Alifungua mdomo, na lile neno likaja mpaka kwenye meno. Niliona. Akaufunga. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na ilikuwa baridi ya mvua.

"Hapana," akasema.

"Kathonzweni tu. Nitarudi kabla yake. Hatajua."

"Hapana, Mama Kioko."

"Zinanyeshewa, Mwalimu! Ni zangu za mwaka mzima!"

"Nasikia. Hapana." Kisha, kwa sauti ndogo, "Umekasirika?"

"Nimekasirika sana!"

"Sawa," akasema. Akasimama, akavua koti, akaruka ua mbele yangu. Alishika upande mmoja wa turubai, nami upande wa pili, tukaanza kumwaga ndengu kwenye magunia na kuyaburuta mpaka verandani. Nilimtukana wakati wote tukifanya kazi. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa.

Ndipo nikamuona mkewe akiingia lango lao, kikapu kichwani. Alisimama. Aliliona gari. Hakuwa ametuona sisi. Alienda taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti, kama anavyopimwa mtoto homa, akakiacha hapo huku mvua inaanza. Ilikuwa baridi. Lazima ilikuwa baridi, kwa sababu mabega yake yalishuka.

Akaingia ndani, akavua viatu mlangoni, na baada ya kitambo moshi ukatoka jikoni.

"Mwalimu!" akaita. "Uko wapi? Chai!"

Aliachia gunia nililokuwa nimemshikisha mdomo, ndengu zikamwagika miguuni pangu kwenye tope, akaruka ua kama kijana. Sikumwita arudi. Nilipiga magoti nikaanza kuziokota.